Hoteli ya mathe hapa Kirinyaga Road: nyota nne na nusu, na chapati ni sababu ndogo

Nianze na chakula kwanza juu najua wengi mnasoma hapa mwanzo tu halafu mnaenda lanchi. Chapati ni 25, ni zile za kukunjwa, ukiivuta inaachana yenyewe tabaka kwa tabaka, si zile za kuvunjika kama kadibodi. Madondo 70, ndengu 70, matumbo 120 lakini ni Jumatatu na Alhamisi peke yake, pilau ni Ijumaa na ukifika saa saba na nusu ukute sufuria inakwanguliwa usilaumu mtu. Chai 30 na ni chai ya maziwa kweli, si maji yaliyoonyeshwa ng'ombe kwa picha. Ugali haupimwi na kijiko. Kachumbari ni ya bure ila pilipili yake ni kali kuliko vile inakaa, mi nishawahi lia hapo mbele ya kastoma niliyekuwa najaribu kumuuzia gia boksi.

Jina la hoteli sitaweka na si eti nimelipwa ninyamaze. Nilimwambia mathe nataka kumwandika mtandaoni akaniangalia hivi juu ya miwani akasema, "Wee kijana, mimi niko na meza 11. Ukiniletea watu wa Westlands na makamera yao, hawa mafundi wangu watakula wapi?" Kwa hivyo nitawapa ramani tu, mwenye njaa atafika. Ukitoka raundabauti ya Globe ukishuka na Kirinyaga Road, hii wazee bado wanaita Grogan, pita maduka ya mabodi na vioo vya magari, kuna mlango mwembamba katikati ya duka la beringi na duka la mafuta ya injini, panda ngazi za chuma, ghorofa ya kwanza. Ukipotea uliza fundi yeyote mwenye ovaroli chafu, wote wanakula hapo.

Haya, chakula nimemaliza. Na singeshika simu kuandika kama ni chapati tu, chapati nzuri Nairobi ziko kila kichochoro. Nataka kuwaambia vile huyu mama anakaa na watu wake wa kazi, juu mi nimekuja kugundua ndio maana chapati ya leo ni kama ya mwaka juzi.

Mi ni supavaiza wa duka la spea, mita kama mia mbili kutoka hapo, niko na vijana 6 chini yangu. Miaka mitatu iliyopita walikuwa 7. Yule wa saba ndiye alikuwa na stoku yote kwa kichwa, ukimtajia namba ya filta anakuambia iko rafu gani na zimebaki ngapi, na siku moja tarehe mbili, mshahara umeingia jana yake, akaniambia bosi, leo ndio mwisho wangu. Akaenda duka la tatu kutoka kwetu. Kwa pesa ile ile! Hiyo iliniuma kuliko kama angefuata pesa mingi, pesa ningesema sawa, ni maisha, kila mtu na watoto wake. Nikamtafuta wiki hiyo nikamwambia twende nikununulie chai unieleze tu, sina kinyongo (kinyongo nilikuwa nacho). Yeye ndiye alinileta hapa. Tukakaa meza ya dirishani, akakoroga chai mpaka ikapoa, halafu akasema, "Brathe, mi nilikuwa sijui Jumapili yangu ni yangu ama ni yako."

Sikumwelewa mara moja. Si nilikuwa nawapa ofu? Nilikuwa nawapa, sheria ya ajira ya 2007 inasema angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba na mi nilikuwa naihesabu siku hiyo vizuri sana kwa kitabu changu. Shida ni kwamba nilikuwa natuma kwa grupu ya WhatsApp Jumamosi saa nne usiku, wewe kesho njoo, wewe kesho baki, kontena imefika, wewe utapumzika Jumatano. Kwangu hiyo ilikuwa kupanga kazi. Kwake ilikuwa ni kumwambia mamake Murang'a nitakuja, halafu asubuhi anapiga simu kusema sitakuja, mara tatu mfululizo, mpaka mama akaacha kumpikia.

Akanionyesha ukuta na kidole. Pale kando ya sinki ya kunawa mikono kuna karatasi ya manila imebandikwa na selotepu, majina ya watu 8, siku za wiki mbili zote mbele, nani anafungua, nani anafunga, na ofu ya kila mtu imezungushwa na biro nyekundu. Hapo chini mathe ameandika kwa mkono wake, "Mkitaka kubadilishana ongeeni wenyewe halafu mniambie." Basi. Karatasi ya 20 bob. Mi nilikuwa nimepoteza mtu wa maana kwa sababu ya kitu kinachoweza kutatuliwa na karatasi ya 20 bob na selotepu.

Tangu hiyo siku nakula hapa karibu kila siku na nitakiri, mwanzoni nilikuwa nakuja kama jasusi.

Kitu cha kwanza utaona ukizoea ni kwamba sura hazibadiliki. Mnajua hoteli zetu za tauni, leo unahudumiwa na huyu, mwezi ukiisha yuko mwingine, hajui chai yako ni ya tangawizi, hajui madondo unataka yenye supu. Hapa kijana wa chapati ni yule yule wa miaka mitatu, dada wa kaunta ni yule yule, mama wa githeri ni yule yule. Kijana wa chapati hapimi unga, anaushika tu anajua. Huo ujuzi ukienda na mtu umeenda, huwezi ukampigia simu akutumie mikono.

Siku ya sahani sasa. Ilikuwa saa saba kamili, hoteli imejaa mpaka watu wanakula wakiwa wamesimama dirishani, msichana mmoja weita, mdogo tu, alikuwa na kama wiki mbili kazini, akateleza na sahani sita pale mlango wa jikoni. Kelele yake hamngeamini. Hoteli nzima ikanyamaza, mi mwenyewe nikainamisha kichwa juu nilijua kinachofuata, nishakipitia. Mathe akatoka nyuma ya kaunta na ufagio, akamuuliza, "Umekatika?" Msichana akatikisa kichwa. "Basi hizo zingine za meza ya nne zinapoa." Akafagia mwenyewe. Watu wakarudi kula. Saa tisa na nusu hivi, hoteli ikiwa imebaki na mimi na mzee mmoja wa magazeti, nikaona amemwita yule msichana kwa ile meza ya nyuma, wanaongea polepole, na sikusikia kitu, na hapo ndipo kuna maana, kwamba sikusikia. Kesho yake yule msichana alikuwa anabeba sahani tatu tatu badala ya sita.

Kwa nini nilijua kinachofuata? Juu kabla ya spea nilikuwa weita kwa hoteli kubwa kiasi hapa mjini, 2014, sitaitaja. Meza ya watu wanne wakala, wakaomba bili, wakashuka mmoja mmoja kama wanaenda kupokea simu, wakapotea. Bili 1,840. Meneja akanifokea katikati ya watu, akaniita mjinga kwa Kiswahili na kwa Kikuyu ili asiachwe mtu bila kuelewa, na mwisho wa mwezi pesa zikakatwa kwa mshahara wangu zote. Mi nilikuwa nafikiri ni haki yake. Miaka ilipita kabla nijue kwamba ile sheria ya 2007 imeeleza kile mwajiri anaweza kukata, na kwa mali iliyoharibika ama kupotea ni kiasi cha haki, na iwe ni mfanyikazi alifanya makusudi. Kuna pia ya aliyekabidhiwa pesa kwa mkataba zikapungua kwa uzembe ama wizi wake. Mi mkataba hata sikuwa nao. Lakini mjue kitu, ile 1,840 nilishaisahau, niliilipa ikaisha. Nisichosahau ni kuitwa mjinga mbele ya meza ya akina mama wa kanisa waliokuwa wananijua jina.

Na hapa mi ndio nakosana na watu wengi wanaosema wafanyikazi wanataka pesa tu, na nakosana pia na wale wa semina wanaosema wafanyikazi wanataka heshima tu. Heshima hailipi renti. Landilodi wa Kayole tarehe tano anataka renti yake, ukimwambia bosi wangu ananisalimia vizuri kila asubuhi atakupongeza halafu aweke kufuli kubwa juu ya lako. Bosi mwenye ulimi wa asali na mshahara wa tarehe 17 ni mwizi mwenye adabu, basi.

Mathe analipa tarehe 30, na ikiangukia Jumapili analipa Jumamosi. Hii sikuambiwa na yeye, niliambiwa na dada wa kaunta nikimuuliza kama utani. Kila mtu anapata karatasi yake ya mshahara, na hapo kuna hadithi. Ile mwaka wa 2024, makato yalipoongezeka, NHIF, ile bima ya afya ya serikali, ikatolewa ikaja hii ya SHA kuanzia Oktoba, asilimia 2.75 ya mshahara wote, na tayari kulikuwa na makato ya nyumba 1.5, na NSSF ya akiba ya uzeeni, mnakumbuka kelele ilikuwa nchi nzima, watu wakaanza kushuku mabosi wao ati wanajikatia za mfukoni. Kwetu dukani tulizozana karibu mwezi mzima. Mathe akafanya nini, Jumamosi moja akafunga mapema saa kumi, akaketisha watu wake wote meza ya nyuma, akaweka karatasi moja katikati, akapita mstari kwa mstari na biro, hii inaenda hapa, hii inaenda hapa, na hii ya nyumba mimi pia natoa 1.5 nyingine kwa upande wangu kwa kila mmoja wenu, na NSSF pia naweka nusu yangu. Hakuna aliyefurahia makato, nani atafurahia? Lakini walijua wamkasirikie nani, na hakuwa mathe.

Nilisoma diploma ya usimamizi masomo ya jioni, wacha niitumie hapo kidogo isilale bure. Tulifundishwa juu ya Mmarekani mmoja, Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959 yeye na wenzake walitoa utafiti wao wa wahandisi na wahasibu kama 200 wa huko Pittsburgh. Aliwauliza ni lini ulijisikia vizuri sana kazini na ni lini ulijisikia vibaya sana. Akakuta kwamba vitu vinavyoudhi watu si kinyume cha vitu vinavyofurahisha, ni vikapu viwili tofauti. Mshahara, kanuni za kampuni, vile unasimamiwa, hivyo vikiwa vibaya mtu anachukia kazi, vikiwa sawa mtu ametulia tu, hajafurahi. Kufurahi kunatoka kwa kufaulu kitu, kutambuliwa, kupewa jukumu lako. Mi nilipasi huo mtihani na B nikarudi dukani nikaendelea kutuma WhatsApp saa nne usiku. Nasema tu. Pia sidhani Herzberg aliwahi kuuliza weita wa Grogan, juu ningemwambia kwamba kwetu kikapu cha kwanza kina matobo, hakijawahi kujaa, watu wako busy kukiziba hata hicho cha pili hawajakifikia.

Lakini kutambuliwa hata mathe anajua, bila diploma. Kuna fundi mmoja alisifu matumbo siku moja, kwa sauti, ati mathe leo umeweza. Mathe akageuka hapo hapo akaita jikoni, "Mama wa githeri, unaitwa na mteja, matumbo ni yako, toka upokee mwenyewe." Yule mama akatoka anafuta mikono na aproni akicheka kwa aibu, fundi akasimama akampa mkono. Ilichukua kama sekunde 20. Meneja wangu wa zamani alikuwa akisifiwa anasema asante, akilaumiwa anasema subiri nimwite kijana.

Sasa ile ya mteja mkorofi, hii ndio niliwaahidi vijana wa dukani nitaiandika. Kuna jamaa alikuja, si wa hapa, amevaa suti, alikuwa amepeleka gari gereji anangoja. Akaitisha chai, ikachelewa dakika kama tano, msichana alipoleta jamaa akaanza, na hakusema chai imechelewa, alisema vitu vya kutusi umbo lake na mahali ametoka, sitaviandika. Msichana akasimama tu na trei. Mathe akaja, hajapandisha sauti hata kidogo, akatoa noti ya 50 kwa mfuko wa aproni akaiweka mezani, akasema, "Mzee, mi hapa nauza chai. Huyu mtoto wa wenyewe simuuzi." Akachukua kikombe. Akangoja. Jamaa akaangalia huku na huku kutafuta mtu wa kumuunga mkono, akakuta meza 11 za mafundi wanamwangalia na spana mifukoni, akashuka ngazi. Noti aliiacha. Msichana alipewa hiyo 50.

Tumezoea kuambiwa mteja ni mfalme. Sawa, lakini mi nimekuwa upande ule mwingine wa trei na nawaambia hakuna kitu mfanyikazi anataka kwa bosi wake kuliko kujua kwamba siku mtu akimvamia bosi atasimama upande gani. Unaweza mlipa vizuri, ukamnunulia keki ya birthdei, lakini ukimgeuka hiyo siku moja amekuandika kwa moyo na hafuti.

Usafiri nitapita haraka: jikoni inafungwa saa moja na nusu jioni, wale wa mbali, wa Kayole na Dandora na wale wa gari za 45 Githurai, wanaachiliwa kwanza, wa Ngara anayetembea kwa miguu ndiye anafunga. Mvua ikinyesha na nauli kupanda mara mbili, mathe anaongezea. Sio kila mara, anaongezea akiona mvua ni ile ya kweli.

Mtu akigonjeka pia ana roho. Sheria iko, ukimaliza miezi miwili mfululizo kazini una haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na zingine 7 kwa nusu, kila miezi 12, ukileta karatasi ya daktari. Lakini hiyo ni wewe ukiugua. Mtoto wa mama wa githeri alilazwa mwaka jana, siku tatu, na hizo tatu mathe aliingia jikoni mwenyewe akapika githeri (ilikuwa na chumvi mingi, tulikula tukanyamaza).

Na amewahi kufuta mtu, msidhani ni malaika. Kulikuwa na kijana weita mchangamfu sana, tulimpenda wote, akawa anawapa wateja namba yake ya simu badala ya namba ya tili ya kulipia hoteli, ati tili ina shida leo, tuma hapa. Ikajulikana. Huyo mi ningemfukuza na ngazi zote kwa mkupuo mmoja. Mathe alimwambia kesho saa nane tutaongea, chagua mwenzako mmoja wa kukaa na wewe, akachagua kijana wa chapati, wakakaa watatu, akaambiwa kosa lake akapewa nafasi ajibu. Alikubali. Akaenda, na siku zake alizofanya akalipwa. Nilimuuliza mathe umejifunzia wapi hiyo, juu ndivyo sheria inataka, mtu aelezwe kosa kwa lugha anaelewa na awe na mwenzake hapo. Akasema hajui sheria, ila alishawahi kufutwa kazi na kipande cha karatasi kilichosukumwa chini ya mlango, wakati alikuwa ametoka leba ya mtoto wa pili, na hakuwahi kujua ni kwa nini mpaka leo.

Sasa ile nusu nyota niliyokata. Inaenda kwa vitu viwili na mathe nishamwambia zote mbili uso kwa uso.

Cha kwanza, droo. Mathe anawapenda watu wake lakini hawaamini na droo. Ufunguo uko shingoni mwake na kamba. Akienda Marikiti kununua nyanya na vitunguu, na anaenda mara tatu kwa wiki, hakuna mtu anaweza kukurudishia hata 50 bob. Nimewahi kungoja chenji dakika 40, nimemaliza kusoma gazeti la yule mzee lote pamoja na matangazo ya vifo. Dada wa kaunta anakuomba msamaha kwa kosa ambalo si lake, na ukimwangalia unaona anaumia, ako hapo miaka mitano, anajua kila mdeni kwa jina na gereji yake, na bado ni kama mgeni kwa hiyo droo. Nilimuuliza siku moja anataka nini kwa mathe, nikidhani atasema mshahara. Akasema, "Nataka siku moja aniulize tununue nyanya ngapi." Mi hiyo nilienda nayo nyumbani.

Cha pili, kijana wa chapati anaomba nyongeza tangu mwaka jana na jibu ni "tutaona." Tutaona ni jibu baya kuliko hapana. Hapana unaenda unatafuta kwingine ama unakubali, tutaona inakuweka mlangoni na mguu mmoja nje. Ametoka kuniambia duka la kuoka mikate huko Ngara limemwita mara mbili. Mathe kama unasoma hii, na najua binti yako atakusomea, huyo akienda tumekwisha sote.

Ah, na ngazi. Ngazi ni telezi mvua ikinyesha, shikilia chuma. Choo ni kimoja na ufunguo unaombwa kaunta, ni safi lakini taa inabipu.

Kwetu dukani nilibandika rosta, wiki mbili mbele, biro nyekundu na nini. Mwezi wa kwanza niliivunja mara mbili juu ya kontena na kila mara ilibidi nimwombe mtu, nimwombe, si kumtumia meseji, na kumbe ukiomba mtu anaweza kukataa, mmoja alikataa, na dunia haikuisha, kontena ilishushwa. Yule wa saba hajarudi. Huwa tunakula pamoja Ijumaa, mi nalipa pilau.

Nilikuwa nimalizie hapo lakini jana kukatokea kitu. Nilienda saa tano na nusu, ambayo kwa njia ndio saa nzuri ya kupata kiti, mathe hakuwa, Marikiti kama kawaida. Nikala chapo mbili na ndengu, 120, nikatoa noti ya 200 nikajiambia haya, leo tena ni mimi na gazeti. Dada wa kaunta akaingiza mkono ndani ya blausi akatoa kamba, na ufunguo uko hapo mwisho wa kamba. Akafungua droo. Akahesabu 80 mara mbili, akaiweka mkononi mwangu, na hatukusema kitu, lakini kijana wa chapati alikuwa amesimama mlango wa jikoni na unga mpaka kwa viwiko akituangalia, na nilipomwangalia akasema, "Mi bado."